Nimepata 9.49 badala ya 9.81, nibadilishe namba?

Shikamoo mwalimu,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu maana hapa nilipo hata usingizi hauji vizuri. Tulifanya praktiko ya pendulamu, ile ya uzi na gololi ya chuma, unaning'iniza kwenye stendi unabembeza unapima muda alafu unatafuta g, yaani mchapuko wa uvutano wa dunia, ile 9.81 ya kitabu. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi tu tena tulimaliza mapema kuliko wenzetu, shida imekuja kwenye ripoti. Nimerudishiwa nina 12 kati ya 30 na karatasi imejaa wino mwekundu utadhani mtu kachinjia kuku juu yake.

Data zetu ni hizi, kila mara tulihesabu mabembeo 20. Uzi wa mita 0.20 sekunde 18.6, wa 0.40 sekunde 25.9, wa 0.60 sekunde 31.4, wa 0.80 sekunde 36.2, na wa mita 1.00 sekunde 40.4. Nikatafuta g kwa kila uzi nikapata 9.13, 9.42, 9.61, 9.64 na 9.68, nikachukua wastani kwenye kalkuleta ikaja 9.4941. Grafu nilichora pia, T² (muda wa bembeo moja uliozidishwa kwa wenyewe) na urefu, nikaunganisha nukta kwa rula moja baada ya nyingine.

Kwenye mjadala niliandika hivi: "Matokeo hayakuwa 9.81 kwa sababu ya makosa ya kibinadamu na upepo." Pembeni mwalimu wetu kaandika neno moja tu, YAPI? Kwenye hitimisho niliandika "jaribio lilifanikiwa na lengo limetimia", hapo kaweka alama za kuuliza tatu. Na kwenye utaratibu kaandika "umekopi kitabu", ambayo kwa kweli ni kweli.

Sasa kinachoniuma ni rafiki yangu wa grupu nyingine. Yeye kapata 9.81, 9.80, 9.82, 9.81, 9.81 na kapewa 26. Ameniambia siri kwamba alianza na jibu akarudi nyuma kwenye fomula kutafuta sekunde zinazotakiwa. Mwalimu ametupa nafasi ya kuandika upya ripoti, sio kurudia jaribio, na hii inaingia kwenye maksi za mwisho. Rafiki yangu anasema nipike tu data, kila mtu anapika. Mimi naogopa lakini pia nikiangalia 9.49 yangu naona aibu. Nibadilishe namba kidogo tu au nifanyeje? Na huo mjadala unaandikwaje mtu asiulizwe yapi?

Ni mimi, niliyechoshwa na uzi na gololi.

---

Marahaba mwanangu,

Usibadilishe hata moja. Na sikwambii hivyo kwa sababu ya dhambi peke yake, ingawa dhambi ipo, nakwambia kwa sababu hizo data zako ni nzuri kuliko unavyodhani na ukizichakachua utakuwa umetupa kitu cha thamani kwenye ripoti yako yote. Nimekaa nazo jana jioni na karatasi na kalamu, nikafurahi kabisa, nitakueleza sasa hivi.

Ila kwanza tummalize huyo rafiki yako. Ili upate g inayotofautiana kwa 0.01 tu kwa uzi wa sentimita 20, inabidi muda wa mabembeo yote 20 uwe sahihi mpaka karibu sekunde 0.01. Mkono wa binadamu ukibonyeza stopwochi unachelewa kama sekunde 0.2 hivi. Sasa mtu aliyepata bahati hiyo mara tano mfululizo sio mwanafunzi huyo, ni mashine. Sisi tuliosahihisha ripoti miaka mingi data ya kupikwa tunaijua kwa usafi wake, haina kovu, na kama safari hii imepita basi imepita, ila akiitwa mbele aulizwe "mlipimaje?" atababaika. Wewe ukiulizwa una la kusema. Tuendelee na yako.

Hebu ziangalie tena namba zako za g kwa mpangilio: 9.13, 9.42, 9.61, 9.64, 9.68. Unaona nini? Zinapanda! Uzi unavyokuwa mrefu g yako inapanda, tena haraka mwanzoni alafu inapunguza mwendo. Makosa ya mkono, kule kuchelewa kubonyeza, hayana tabia hiyo, yenyewe yanarusha huku na kule, leo juu kesho chini. Ukiona namba zinatembea upande mmoja kwa utaratibu ujue kuna kitu kimoja kilekile kinazivuta kila mara. Ndo maana mwalimu wako kauliza yapi, sio kwamba anakuonea, anajua kabisa umeficha jibu chini ya neno "kibinadamu" bila kujua kwamba umelificha.

Sasa tumtafute mwizi. Twende mmoja mmoja, na huku ndo kuandika mjadala kwenyewe, usidhani nimetoka nje ya swali.

Wa kwanza ni huo mkono. Sekunde 0.2 kwenye 18.6 ni asilimia 1 hivi, na kwa kuwa muda kwenye fomula unazidishwa kwa wenyewe, g inayumba kama asilimia 2. Asilimia 2 ya 9.13 ni karibu 0.2, kwa hiyo hata ukimpa mkono lawama zote unafika 9.33, haufiki 9.81. Mkono umechangia lakini sio yeye. Wa pili ni kuhesabu vibaya, hili kosa nalijua sana, watu wanaachia gololi wanaanza na "moja" badala ya "sifuri", mwisho wanakuwa wamepima mabembeo 19 wakidhani ni 20. Lakini hilo lingepandisha g yako mpaka 10 na kitu, yako imeshuka, kwa hiyo mwachie huru. Upepo? Upepo kwenye chumba cha maabara kwa gololi ya chuma, hapana bwana, hapo ulikuwa unajaza nafasi tu.

Wa tatu ni pembe. Ukivuta gololi mbali sana fomula inaanza kudanganya, ikifika nyuzi 30 (digrii 30) muda unarefuka kama asilimia 1.7 na g inashuka asilimia 3 na ushee. Ila kama pembe ilikuwa ileile kila mara, g ingeshuka kwa kiasi kilekile kwa kila uzi, isingekuwa na ngazi kama hiyo yako. Labda kama mlikuwa mnavuta umbali uleule, tuseme sentimita 10 kwa kila uzi, hapo uzi mfupi ungepata pembe kubwa kuliko mrefu na ngazi ingetokea. Hujaniambia mlivutaje, kumbuka uandike. Lakini hata hivyo sentimita 10 kwenye uzi wa 20 ni nyuzi 30, inakupeleka 9.48, bado 9.13 haijaelezwa.

Anabaki mmoja. Urefu wa pendulamu unapimwa kutoka pale uzi ulipobanwa mpaka KATIKATI ya gololi. Wewe umeandika "uzi wa 0.20, uzi wa 0.40", yaani kila mahali unasema uzi uzi uzi, na mimi nashuku mlipima uzi peke yake mkaishia pale unapofungwa kwenye gololi. Kama ni hivyo kila urefu wako umepungua kwa nusu ya upana wa gololi. Kwenye uzi wa sentimita 20 upungufu wa sentimita moja na nusu ni mkubwa, kwenye uzi wa mita nzima ni kitu kidogo tu, na hiyo ndo ngazi yako hiyo, inapanda haraka mwanzo alafu inapoa.

Na sasa ndo nifike pale nilipofurahi. Nimechora grafu yako upya, T² kwa wima na urefu kwa ulalo: 0.865, 1.68, 2.46, 3.28, 4.08. Nikapitisha mstari mmoja ulionyooka badala ya kuunganisha nukta kama ulivyofanya wewe (hiyo ya kuunganisha nukta iache, utaikuta kwenye grafu za joto la mgonjwa, hapa tunatafuta mstari mmoja unaopita karibu na zote). Mteremko, yaani mstari unavyopanda kwa kila mita ya urefu, ukaja 4.02. Chukua 4π², ambayo ni 39.48, gawa kwa 4.02, unapata 9.82!! Kwa data hizohizo ulizotaka kuzichakachua. Kosa la urefu likiwa lilelile kila mara linasogeza mstari wote pembeni lakini haliugusi mteremko, ndo maana walimu wanang'ang'ania grafu, sio kwamba wanapenda kuwachosha. Na mstari haupiti kwenye sifuri, unakata mhimili wa wima kwenye 0.06. Gawa 0.06 kwa 4.02, unapata mita 0.015, yaani sentimita 1.5. Grafu yako inakwambia gololi ina upana wa kama sentimita 3 na mimi sijawahi hata kuiona hiyo gololi.

Kwa hiyo kesho nenda kaombe venia (kile kifaa cha kupimia upana wa vitu vidogo), pima hiyo gololi. Kurudia jaribio mmekatazwa, kupima gololi sidhani kama mmekatazwa, muulize mwalimu kwanza na umwambie kwa nini unataka. Ikija sentimita 3 au karibu na hapo, mwizi tumemkamata. Ikija sentimita 1, basi tumemsingizia, na hilo nalo unaliandika hivyohivyo kwamba gololi inaeleza sehemu tu ya tofauti, nyingine haijajulikana.

Mjadala wako uandike kwa maneno yako, mimi nakupa mfano wa mwendo wake tu usije ukanikopi na mimi: "Thamani za g zilipanda kutoka 9.13 kwa urefu wa 0.20 m hadi 9.68 kwa urefu wa 1.00 m. Kuchelewa kubonyeza stopwochi kwa 0.2 s kungebadilisha g kwa takriban 2% tu kwa urefu mfupi kabisa, kwa hiyo hakutoshi kueleza tofauti hiyo. Mstari wa grafu ulikata mhimili wa T² kwenye 0.06 s², jambo linaloashiria kwamba urefu ulipimwa pungufu kwa takriban 1.5 cm. Nusu ya kipenyo cha gololi ni ..." unaona, kila sentensi imeshika namba mkononi. Mtu hawezi kukuuliza yapi, umeshamwambia yapi, kiasi gani, na kwa upande upi, juu au chini. Hayo mambo matatu ndo nilikuwa nawapa watu maksi, na wengi wanaandika la kwanza tu.

Na hiyo aibu ya kutofika 9.81, hebu nikusimulie kidogo. Mwaka 1672 kuna Mfaransa anaitwa Jean Richer aliyetumwa kutoka Paris alikuwa Cayenne, kule Amerika Kusini karibu na ikweta, kazi kubwa ilikuwa kuangalia nyota na sayari. Saa yake ya pendulamu ikawa inachelewa kama dakika 2 na nusu kila siku. Angeweza kusema saa mbovu, safari ya meli, makosa ya kibinadamu, yeye akafupisha pendulamu karibu milimita 3 mpaka ikaenda sawa na akaripoti alichokiona. Baadaye Newton akaitumia tofauti hiyohiyo kutetea kwamba dunia haijawa duara kamili, imejaa kidogo kwenye ikweta. Mpaka leo g kwenye ikweta ni 9.78 na kwenye ncha za dunia ni 9.83, kwa hiyo hata hiyo 9.81 mnayoililia ni namba ya wastani, kuna sehemu ukiipata kamili ndo umekosea.

Haya, mengine nitaenda mbio kidogo maana barua inakuwa ndefu.

Utaratibu: andika mlichofanya nyie, kwa wakati uliopita. "Uzi ulifungwa kwenye stendi, gololi ilivutwa nyuzi takriban 10, mabembeo 20 yalihesabiwa kuanzia sifuri gololi ikipita katikati." Sio "chukua stendi, funga uzi", hiyo ni amri ya kitabu kwa mtu ambaye bado hajafanya. Kipimo changu mimi ni kwamba mtu ambaye hakuwepo asome alafu aweze kurudia bila kukupigia simu. Ungeandika hivyo toka mwanzo ungelazimika kusema urefu mliupima kutoka wapi mpaka wapi, na hapohapo ungejishtukia. Mtu anayekopi kitabu anaandika "pima urefu mpaka katikati ya gololi" wakati yeye hakufanya hivyo, sasa ripoti yake inadanganya na mwenyewe hajui. Kuhusu "tulipima" au "ilipimwa", kila mwalimu ana lake, muulize wako, tena usilipe muda mwingi hilo.

Jedwali: vipimo viwe juu kwenye vichwa vya safu, usirudie "sekunde sekunde" kila mstari. Desimali zilingane, kama ni 18.6 basi iwe na 40.4, usiandike 40 peke yake mahali pengine. Na hiyo 9.4941 yako, we mtoto, stopwochi yako umeisoma tarakimu tatu alafu jibu lina tano, hizo mbili za mwisho umezitoa wapi? Kalkuleta haikuwepo maabara. Andika 9.49. Alafu mlipima kila urefu mara ngapi? Naona muda mmoja mmoja tu. Kama mlirudia weka zote, kama hamkurudia sema hamkurudia na liweke kwenye mapendekezo, ila usiandike "tungerudia mara nyingi" ukaishia hapo, sema kingesaidia nini: kurudia kunapunguza ule mrusho wa mkono, lile la gololi halitaguswa hata ukirudia mara mia. Watu wengi sana wanachanganya hapo.

Grafu ijaze karatasi, zaidi ya nusu kila upande, sio kamchoro ka kona. Mteremko usiuchukue kwenye nukta mbili za jedwali, uchukue kwenye mstari wenyewe, pembetatu kubwa, na uichore ionekane.

Utangulizi usijaze historia ya sayansi (najua nimekusimulia Richer, yeye ni wako sio wa ripoti). Sema unatafuta nini, andika T = 2π√(L/g), T ikiwa muda wa bembeo moja na L urefu, onyesha kwamba T² kwa L inatoa mstari ulionyooka wenye mteremko 4π²/g, basi. Nadharia tete, yaani lile unalotabiri kabla ya kupima, iwe ni kitu kinachoweza kukataliwa na data. "Muda utabadilika" sio nadharia tete. "T² itaongezeka sambamba na L na mstari utapita kwenye sifuri" hiyo sawa, tena kwako nusu ya pili imekataa, safi sana, una cha kujadili.

Hitimisho sentensi tatu zinatosha. Hilo la "jaribio lilifanikiwa" lifute, jaribio halifaulu wala halifeli kama mtihani, linatoa namba. Rudi kwenye swali la utangulizi ulijibu: g kwa mteremko ni 9.82, kwa wastani wa kila uzi ni 9.49, tofauti ya asilimia 3.3 na ile inayokubalika, na sababu kubwa ya hiyo 9.49 ni urefu ulioishia juu ya gololi. Ziweke zote mbili. Usije ukapata 9.82 ukaificha 9.49, hapo utakuwa umempika yule kuku wa rafiki yako kwa sufuria nyingine. Ukitaka kuongeza ile sentimita moja na nusu kwenye urefu, ongeza kwenye safu mpya na useme umeiongeza baada ya kupima gololi, safu ya zamani ibaki palepale.

Data mnaweza kufanana grupu nzima, hilo halina shida mlipima pamoja, ila mjadala uandike peke yako. Anza na jedwali na grafu, alafu mjadala, utangulizi uandike mwisho. Na Jumatatu peleka na ile karatasi mliyoandikia siku ya praktiko, hata kama imekunjwa na ina alama za vidole, uibane nyuma ya ripoti. Kuhusu kipenyo cha gololi, ukishapima niandikie, nami nataka kujua.